Kombe la Trench na daraja la pili la mpira wa Kigaeli vyuoni: lilitokana na nini?

Mdadisi wa Tanga

Ndugu zangu, hamjambo. Mtoto wa dada yangu anasoma katika chuo kimoja cha magharibi mwa Ayalandi, na tangu alipofika huko hakuna simu inayokwisha bila habari za mpira wa Kigaeli. Mchezo wenyewe nimekwisha kuuelewa kiasi. Kila upande una watu 15, mpira unashikwa kwa mikono na kupigwa teke, na goli lina nguzo mbili ndefu zilizounganishwa na mwamba. Mpira ukiingia wavuni chini ya mwamba ni bao, nalo huhesabiwa pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba katikati ya nguzo ni pointi moja, ingawa tangu mwaka 2025 teke lililopigwa kutoka nje ya tao la mita 40 hupewa pointi mbili. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 1-10, yaani bao moja na pointi 10, jumla 13.

Kinachonitatiza ni mpangilio wa mashindano ya vyuo. Ananiambia kwamba lipo kombe kubwa linaloitwa Kombe la Sigerson, na chini yake lipo Kombe la Trench, ambalo ndilo chuo chao hushindania. Sisi tuliozoea ligi za kwetu tunajua kwamba timu huwa daraja la pili ama kwa sababu imeshuka ama kwa sababu bado haijapanda, na msimamo wa ligi ndio unaoamua. Nilipomuuliza chuo chao kilishuka lini, alinijibu kwamba hakikushuka, bali kilipangwa huko. Nimeshindwa kuelewa jibu hilo.

Naomba anayeijua historia ya mashindano haya anieleze kwa nini vyuo viligawanywa, na kama kuna chuo kilichokuwa mnyonge kisha kikafika juu. Vilevile ningependa kujua kama daraja hilo la pili lina heshima yoyote, au ni kifuta jasho tu.

Mkutubi

Mdadisi, ukitaka kulielewa daraja la pili la vyuo huna budi kuanza na daraja la kwanza lilipokuwa peke yake, kwa kuwa kwa miongo mingi halikuwa na haja ya mwenzake.

Mwaka 1908 kiliundwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Ayalandi, ambacho kilikusanya vyuo vya Dublin, Cork na Galway. Katika kile cha Dublin alikuwako George Sigerson, daktari na mwanazuoni aliyezaliwa mwaka 1836 karibu na Strabane, kaunti ya Tyrone, mtu aliyetafsiri mihadhara ya Charcot, bingwa wa Kifaransa wa maradhi ya neva, na wakati huohuo akawa anatafsiri mashairi ya kale ya Kigaeli. Yeye ndiye aliyetoa kombe, lililotengenezwa kwa umbo la kikombe cha mbao walichokuwa wakinywea Waayalandi wa zamani, na mwaka 1911 vyuo hivyo vitatu vikalishindania kwa mara ya kwanza. Dublin, au UCD kama kinavyojulikana, ndicho kilicholitwaa. Kwa timu tatu tu, suala la madaraja lisingeweza hata kuzuka.

Queen's ya Belfast ikaingia baadaye, ikasubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo ikashinda. Trinity ya Dublin ikajiunga katika miaka ya 1960, nayo inastahili maelezo zaidi. Trinity ilianzishwa mwaka 1592 na kwa karne nyingi ilihesabiwa kuwa chuo cha Waprotestanti. Maaskofu wa Kikatoliki waliwazuia waumini wao kusoma huko mpaka mwaka 1970, ilhali wachezaji wengi wa mpira wa Kigaeli walitoka katika familia za Kikatoliki. Kwa upande wake Chama cha Michezo ya Kigaeli, yaani GAA, kilichoanzishwa mwaka 1884 katika hoteli moja mjini Thurles, kilikuwa na kanuni ya kuwakataza wanachama wake kucheza michezo iliyoonekana kuwa ya Kiingereza, kama soka, raga na kriketi, na kanuni hiyo haikufutwa mpaka mkutano mkuu wa mwaka 1971, ambao ulifanyika Queen's mjini Belfast. Matokeo yake ni kwamba chuo kikongwe kuliko vyote nchini kilikuwa mgeni katika mchezo wa taifa, na katika miaka 100 ya kwanza ya Kombe la Sigerson hakikulitwaa hata mara moja. Kwa hiyo tangu mapema sifa ya chuo katika taaluma na nguvu zake uwanjani vilikwenda njia mbili tofauti, na anayedhani kwamba daraja la pili la mpira ni daraja la pili la elimu anakosea.

Maynooth, ambako mapadri wamefundishwa tangu mwaka 1795, ikaingia mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kutwaa kombe mwaka 1976, katikati ya enzi ambayo UCD ilikuwa na nguvu kiasi cha kuchukua pia ubingwa wa klabu wa Ayalandi nzima mwaka 1974 na 1975.

Mabadiliko makubwa hayakutokana na vyuo vikuu hivi, bali na sera ya elimu. Mwaka 1967 Jamhuri ya Ayalandi ilianza kutoa elimu ya sekondari bila ada, kufuatia tangazo la waziri wa elimu Donogh O'Malley la mwaka uliotangulia. Vijana waliomaliza sekondari wakaongezeka, na serikali ikajenga vyuo vya ufundi vya mikoa ili kuwapokea na kuipatia nchi mafundi mchundo. Athlone, Carlow, Dundalk, Sligo na Waterford vilifunguliwa mnamo mwaka 1970, Letterkenny 1971, Galway 1972, Cork 1974 na Tralee 1977. Limerick nayo ilipata taasisi yake mwaka 1972, ambayo mwaka 1989 ikawa chuo kikuu. Ongeza vyuo vya ualimu vilivyokuwapo tangu zamani, kama Mary Immaculate ya Limerick, St Patrick's ya Drumcondra na St Mary's ya Belfast, nawe utaona kwamba katika muda wa miaka kumi hivi idadi ya vyuo vyenye timu ilizidi kabisa kile ambacho mashindano ya vyuo vikuu vichache yangeweza kubeba.

Tena vyuo hivi vipya havikulingana na vyuo vikuu hata kwa muundo. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha mkoa mara nyingi alisomea cheti cha miaka miwili, akaondoka. Mwenzake wa Dublin au Galway alikaa miaka mitatu au minne, na wa udaktari alikaa zaidi. Kocha wa chuo cha ufundi alikuwa akimaliza tu kuwafahamu wachezaji wake, wao wakawa wanaaga. Kupambanisha timu ya namna hiyo na UCD ya miaka ya 1970 kungekuwa kuwadhalilisha vijana bila faida kwa yeyote.

Hapo ndipo Kombe la Trench linapopata maana yake. Ni mashindano ya mtoano ya vyuo vya elimu ya juu yaliyo chini ya Sigerson, yanayosimamiwa na baraza la GAA linaloshughulikia vyuo hivyo. Katika halingi, yaani mchezo wa Kigaeli wa fimbo, mpangilio ni uleule: juu lipo Kombe la Fitzgibbon, lililotolewa na padri Mkapuchini aliyekuwa profesa wa falsafa Cork na kushindaniwa tangu mwaka 1912, chini yake Kombe la Ryan, na chini zaidi Kombe la Fergal Maher. Katika mpira wa Kigaeli wa wanawake kuna Kombe la O'Connor, kisha Kombe la Giles. Mpwa wako amesema kweli kwamba chuo chao kimepangwa. Jambo linaloangaliwa ni kama chuo kinaweza kupata timu yenye uwezo wa kushindana katika daraja fulani kwa mwaka ule, na chuo kinaweza kuwa juu katika mpira wa Kigaeli huku kikiwa chini katika halingi. Mary Immaculate ni mfano mzuri: katika halingi ilitwaa Fitzgibbon mwaka 2016 na 2017 mfululizo, lakini katika mpira wa Kigaeli haijawahi kutwaa Sigerson.

Na wapo wanyonge waliofika juu. St Mary's ya Belfast, chuo cha ualimu, kilitwaa Sigerson mwaka 1989. Mwaka 1997 Tralee, chuo kilichokuwa na umri wa miaka 20 tu, kilitwaa kombe hilo, kikarudia mwaka 1998 na 1999. Sligo ikafuata mwaka 2002, 2004 na 2005. Yaani vyuo ambavyo kizazi kimoja kabla havikuwa hata na majengo vilichukua ubingwa mara sita ndani ya miaka tisa. Ukiniuliza mimi, hii ndiyo sura bora zaidi katika historia yote ya mashindano haya.

Mama Kipenga

Nimefurahia maelezo ya Mkutubi, na sina ugomvi na tarehe zake. Ninachopinga ni picha anayoiacha, kana kwamba daraja la pili ni ngazi ambayo chuo hupanda kwa juhudi hadi kufika kileleni. Nimefuatilia michezo ya wanafunzi kwa muda mrefu, huku kwetu na huko Ulaya, na naona kwamba ngazi katika michezo ya vyuo ni jambo gumu sana kuwapo.

Klabu ya mtaani ina wachezaji ambao wataendelea kuwa nayo kwa miaka kumi au kumi na mitano, kwa hiyo ikipanda daraja, wale waliopanda ndio watakaocheza juu. Chuoni sivyo. Timu inayotwaa Kombe la Trench mwezi Februari aghalabu ina wanafunzi kadhaa wa mwaka wa mwisho, na hao mwezi Mei wanafanya mitihani na kuondoka. Ukikipandisha chuo hicho kwa lazima, watakaokwenda kupigwa na vigogo msimu unaofuata ni vijana wa mwaka wa kwanza na wa pili ambao hawakuwa na sehemu kubwa katika ushindi ule. Kumpangia mtu daraja kwa kuangalia matokeo ya mwenzake aliyekwishahitimu ni dhuluma ndogo, na nadhani ndiyo sababu vyuo hupangwa kwa kupima hali ya mwaka husika.

Halafu tutazame hao Tralee na Sligo. Hawakupanda kwa sababu daraja la chini liliwalea. Walipanda kwa sababu wachezaji wa timu za kaunti, zile zinazoshindania ubingwa wa Ayalandi, walianza kwenda kusoma huko, na vyuo vyenyewe vikatambua kwamba kombe hutangaza jina kuliko tangazo la gazetini. Kumbuka pia mahali vilipo. Tralee iko Kerry, kaunti iliyotwaa ubingwa wa Ayalandi mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na Sligo iko kwenye njia ya vijana wa Mayo, Donegal na Roscommon. Ufadhili wa masomo kwa wanamichezo ukaongeza nguvu. Chuo Kikuu cha Jiji la Dublin, ambacho kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1989, kilitwaa Sigerson kwa mara ya kwanza mwaka 2006, kikashinda tena 2010, 2012 na 2015. Mwendo huo haufanani na wa mtu aliyepanda ngazi moja moja.

Hata St Mary's ya mwaka 2017, ambayo watu hupenda kuitaja kama muujiza, inahitaji kutazamwa vizuri. Ni kweli kwamba chuo chenye wanafunzi wapatao 1,000 kiliishinda katika fainali UCD yenye wanafunzi zaidi ya 30,000, na hilo si jambo dogo hata kidogo. Lakini kocha wao alikuwa Paddy Tally, mtu mzoefu, na uwanjani walikuwamo Conor Meyler, Kieran McGeary na Cathal McShane, vijana wa Tyrone ambao mwaka 2021 walitwaa ubingwa wa Ayalandi na kaunti yao, na McGeary akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwaka. Chuo kidogo kinachovuta walimu watarajiwa kutoka vijiji vinavyoupenda mchezo huu kuliko kitu chochote si chuo kidogo pale uwanjani.

Mdadisi ameuliza kuhusu heshima. Jibu langu ni kwamba heshima ya Kombe la Trench iko kwa wachezaji wake zaidi kuliko kwa watazamaji. Mashindano haya huchezwa Januari na Februari, kwenye tope na baridi, wakati ambapo timu za kaunti nazo zinaanza ligi yao. Mchezaji nyota wa chuo kikubwa anavutwa na kocha wa kaunti, kocha wa chuo na klabu yake ya nyumbani kwa wakati mmoja, na malalamiko juu ya vijana kuchoshwa na mechi yamekuwapo kwa miaka mingi. Katika daraja la pili nyota wa kaunti ni wachache, kwa hiyo kijana wa klabu ya kawaida, ambaye kule Sigerson angekaa benchi msimu mzima, anapata jezi na anacheza. Zamani pia kulikuwa na utamaduni wa chuo kimoja kuwa mwenyeji na michezo ya mwisho ya Sigerson kuchezwa mfululizo mwisho wa juma. Sherehe zake zilikuwa kubwa, lakini kwa miili ya vijana ilikuwa adhabu, na sioni vibaya kwamba utaratibu huo umeachwa.

Mdadisi wa Tanga

Nawashukuru sana, Mwalimu Mkutubi na Mama Kipenga. Sasa naelewa kwa nini mpwa wangu alisema kimepangwa, na hoja ya wachezaji kuhitimu sikuwahi kuifikiria. Nina swali moja zaidi. Amenitumia picha za mechi ya kaunti katika Croke Park, uwanja mkuu wa GAA, na kusema kwamba huko nako kuna kombe la daraja la pili, lililoanza juzi tu. Ikiwa vyuo vilikubali kugawanywa mapema, kwa nini kaunti zilichelewa hivyo?

Mwana wa Mvita

Swali hili ni langu, maana nimekuwa nikilifuata kwa karibu.

Kaunti hazikuchelewa kujaribu, zilichelewa kukubali. Mwaka 1990 ilianzishwa michuano iliyoitwa ubingwa wa B, kwa ajili ya kaunti zilizokuwa zikitolewa mapema kila mwaka katika mashindano makuu. Leitrim ilishinda mwaka ule wa kwanza na Clare ikashinda mwaka 1991. Na hapa ningependa kumtetea Mkutubi kidogo mbele ya Mama Kipenga, kwa sababu kwa kaunti hizo daraja la pili lilifanya kazi ya ngazi hasa. Clare, mwaka mmoja tu baadaye, iliishinda Kerry na kutwaa ubingwa wa jimbo la Munster, kitu ambacho haikuwa imekipata tangu mwaka 1917. Leitrim ilitwaa ubingwa wa jimbo la Connacht mwaka 1994 kwa mara ya kwanza tangu 1927, nayo ndiyo kaunti yenye watu wachache kuliko zote, takriban 35,000 kwa sensa ya mwaka 2022, wakati Dublin ina zaidi ya milioni 1.4. Kaunti ina faida ambayo chuo hakina: wachezaji waliojifunza kushinda pamoja wanabaki pamoja, na hapo hoja ya Mama Kipenga kuhusu kuhitimu inageuka kuwa uthibitisho.

Hata hivyo ubingwa wa B ulififia. Mwaka 2004 likaja Kombe la Tommy Murphy, lililopewa jina la mchezaji wa Laois aliyesifika tangu akiwa kijana mdogo sana. Clare, Tipperary, Louth, Wicklow na Antrim walilitwaa kwa zamu hadi mwaka 2008, kisha likafutwa. Antrim mwaka uliofuata walicheza fainali ya jimbo la Ulster dhidi ya Tyrone, kwa hiyo huwezi kusema kwamba halikuwasaidia waliolichukulia kwa uzito. Tatizo lilikuwa kwamba wengi hawakulichukulia hivyo. Timu iliyotolewa kwenye mashindano makuu ilipelekwa huko mwezi Julai kama aliyefukuzwa sebuleni, wachezaji wengine wakasafiri kwenda Marekani kufanya kazi na kucheza kule majira ya joto, na mechi hazikupewa nafasi kwenye televisheni wala viwanja vya maana.

Pia kuna jambo la hisia ambalo mgeni halioni kwa haraka. Mchezaji wa kaunti halipwi mshahara, naye hachagui timu kama mchezaji wa kulipwa. Huchezea kaunti aliyozaliwa au anayoishi, na kila kaunti, hata iwe dhaifu namna gani, ilikuwa na haki ya kuanza mwaka ikiota Kombe la Sam Maguire, yaani lile la ubingwa wa Ayalandi. Kumwambia mtu wa Carlow au Longford kwamba mwaka huu hataruhusiwa hata kuota ni kugusa utu wake. Chuo hakina uchungu huo. Mwanafunzi anakaa pale miaka michache, na moyo wake uko kwenye klabu ya kijijini na kaunti yake. Akiambiwa chuo chake kiko daraja la pili, anavaa viatu na kwenda kucheza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa iliyofanya mgawanyo wa vyuo udumu bila kelele, ilhali ule wa kaunti ulianguka mara mbili.

Mkutano maalumu wa GAA wa Oktoba 2019 ulikubali tena daraja la pili, janga la korona likalichelewesha, na mwaka 2022 Kombe la Tailteann likaanza, kwa jina la michezo ya kale ya Waayalandi. Safari hii walijifunza. Fainali huchezwa Croke Park, na bingwa amehakikishiwa nafasi katika mashindano makuu ya mwaka unaofuata. Westmeath waliishinda Cavan mwaka ule wa kwanza, Meath wakawashinda Down mwaka 2023, na Down waliopoteza wakarudi mwaka 2024 na kulitwaa dhidi ya Laois. Kielelezo chao bila shaka kilikuwa halingi, ambako bingwa wa daraja la pili, Kombe la Joe McDonagh lililoanza mwaka 2018, alikuwa akipewa nafasi ya kuingia katika mashindano makuu msimu uleule. Mwaka 2019 Laois walilitwaa kombe hilo, na wiki moja baadaye wakawatoa Dublin. Vyuo havina mlango wa namna hiyo, kwa sababu Sigerson na Trench huchezwa kwa wakati mmoja na muhula hauruhusu kurefusha kalenda. Kama mlango ungekuwapo, ningelipa kiingilio kumwona bingwa wa Trench akipambana na kigogo.

Mama Kipenga

Mwana wa Mvita, kuhusu Leitrim na Clare nakubaliana nawe, na sikukusudia kusema kwamba daraja la pili halina faida popote. Nasisitiza tu kwamba faida ya chuoni ni ya mchezaji mmoja mmoja, naye huipeleka kwenye klabu na kaunti yake, ambako haiandikwi kwenye orodha ya mabingwa wa chuo.

Mkutubi

Nimekubali marekebisho ya Mama Kipenga kuhusu ngazi, ingawa bado nadhani anaipunja Tralee. Mchezaji wa kaunti anayekwenda kusoma Tralee badala ya Dublin ameshawishiwa na kitu, na timu iliyokwisha kujengwa ni sehemu ya ushawishi huo.

Mdadisi, kwa kuwa sasa utataka kusoma orodha za washindi mwenyewe, nikupe tahadhari kuhusu majina, maana yanapoteza watu. Vyuo vya ufundi vya mikoa viligeuzwa kuwa taasisi za teknolojia mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu mwaka 2019 taasisi hizo zimekuwa zikiunganishwa kuwa vyuo vikuu vya teknolojia. Nikitaja hapa Cork, Limerick na Galway, nina maana ya taasisi zao za teknolojia, si vyuo vikuu vya miji hiyo. Tatu za Dublin ziliungana Januari 2019. Cork na Tralee ziliungana Januari 2021 kuwa chuo kikuu cha teknolojia cha Munster (MTU); Athlone na Limerick zikafuata mwezi Oktoba mwaka huohuo; Galway, Sligo na Letterkenny zikaungana Aprili 2022, na Waterford na Carlow mwezi Mei. St Patrick's ya Drumcondra ilikuwa imekwisha kumezwa na Chuo Kikuu cha Jiji la Dublin mwaka 2016, na kwa hiyo jina lake halitokei tena kama timu.

Kwenye karatasi hivi ni vyuo vikuu vichache na vikubwa, na mtu angedhani kwamba daraja la pili limepoteza nusu ya wateja wake. Uwanjani haikuwa hivyo, kwa sababu kampasi nyingi zimeendelea kupeleka timu zake zenyewe. Sligo na Galway zina chuo kikuu kimoja na bado zinaweza kukutana kama wapinzani, na kampasi mbili za chuo kimoja zinaweza kuwa katika madaraja tofauti mwaka mmoja. Binafsi naona uamuzi huo ni wa busara, kwa kuwa kijana wa Letterkenny yuko umbali wa saa kadhaa kwa basi kutoka Galway na asingeweza kufanya mazoezi huko jioni.

Basi ukikuta chuo cha ufundi cha mkoa cha Tralee, taasisi ya teknolojia ya Tralee, na MTU ya Kerry, hivyo ni chuo kimoja kwa majina matatu. Ukikuta UCG, NUIG na Chuo Kikuu cha Galway, ambacho kilitwaa Sigerson mwaka 2022 kwa kukishinda Chuo Kikuu cha Limerick, ni kimoja vilevile. Mwaka 2021 utaukuta mtupu kwa sababu ya korona. Na ukiona mahali pameandikwa mashindano ya vyuo ya Ulster, au majina Kombe la MacRory, Kombe la MacLarnon na Kombe la Hogan, hizo ni shule za sekondari, zenye mashindano yao na daraja lao la pili. Usizichanganye na hizi za mpwa wako.